Biti ya Kijapani ianzie kwenye skeli, si kwenye sauti ya koto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na vijana wa studio za hapa Dodoma. Nyimbo changamfu za Kijapani, zile za pop zenye ngoma, koto na shamisen (ala za nyuzi za Kijapani) ndani yake, zimepata wapenzi wengi kupitia katuni, na sasa wapo wanaojaribu kuzitengeneza wenyewe. Ni jambo jema kabisa. Tatizo ni pale wanapoanzia. Mtu anatafuta sauti ya koto kwenye kompyuta, anaipiga kwa vibonyezo vyeusi vya kinanda, anaona kazi imekwisha. Kinachotoka hapo kinaweza kuwa cha Uchina au hata cha Uskoti.

Wanakwaya watatuelewa upesi kwa sababu wanasoma solfa. Muziki wa Kizungu ulipoingia shule za Japani enzi za Meiji (1868–1912), ilizaliwa skeli (mpangilio wa noti) ya mseto inayoitwa yonanuki, yaani noti ya nne na ya saba zimeondolewa. Kwa upande wa meja zinabaki do re mi so la. “Sukiyaki”, wimbo wa mwimbaji Mjapani Kyu Sakamoto wa mwaka 1961, ule uliofika namba moja Marekani Juni 1963, umesimama kwa sehemu kubwa juu ya noti hizo. Kwa upande wa maina zinabaki la ti do mi fa, na hapa ndipo penye utamu. Ndani yake mna nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda) mbili: ti kwenda do, na mi kwenda fa. Vibonyezo vyeusi havina nusu toni hata moja, ndiyo maana vinatoa wimbo usio na kwao.

Kwenye vibonyezo vyeupe, maina hiyo ni A B C E F. Ruka D na G. Kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinazobeba nyimbo nyingi za aina hii ni F, G, E maina na A maina, kwa mpangilio huo. Msiogope kwamba kodi ya G ina D na G ndani yake. Kodi na besi ruksa kuzigusa. Anayepaswa kuzikwepa ni mwimbaji na chombo kinachoongoza, isipokuwa kwa kupita tu.

Noti hizohizo tano zina nyumba mbili. Mstari ukitua kwenye la, unasikia pop ya leo. Ukishuka kutoka fa ukatua kwenye mi, umeingia miyako-bushi, skeli ya muziki wa kale wa koto na shamisen. Watunzi wazuri huimba ubeti katika nyumba ya kwanza na kuacha koto ipige utangulizi katika nyumba ya pili. Skeli ya Okinawa, do mi fa so ti, ni ukoo mwingine. Ukiichanganya na hizi ndani ya ubeti mmoja, masikio hayajui pa kukaa.

Sasa kosa tunalolisikia kuliko yote: ule mteremko wa nyuzi za koto. Koto ya kawaida ina nyuzi 13, na kila uzi una daraja lake linalosogezwa kabla ya kupiga. Mpigaji akipitisha kidole juu ya nyuzi zote, zinalia noti zile zilizopangwa tu. Wewe ukiburuta kidole juu ya vibonyezo vyeupe unapita D na G pia, na ladha yote inamwagika ndani ya sekunde moja. Dawa yake ni hii. Kama biti ina mapigo 150 kwa dakika, ishushe hadi 75, kisha piga E F A B C moja moja, oktava mbili, umalizie E ya juu. Ni noti 11. Zipange ndani ya mapigo mawili, na E ya mwisho iangukie pigo la kwanza la kipande kinachofuata. Halafu rudisha kasi hadi 150. Kwa kuwa umerekodi midi (maagizo ya vibonyezo, si sauti yenyewe), sauti haipandi wala kushuka. Mkono wa kushoto wa mpigaji wa koto pia hubonyeza uzi nyuma ya daraja ili noti ipande nusu toni au toni nzima. Gurudumu la kupindisha sauti kwenye kinanda chako lina kazi hiyo, litumieni.

Shamisen ina nyuzi tatu, na shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa. Kipigio chake, bachi, hugonga uzi na ngozi kwa pamoja, hivyo kila noti huja na kishindo kidogo. Noti ziwe fupi, msikanyage pedeli. Uzi mnene unavuma makusudi. Wajapani wanauita mvumo huo sawari. Fundi mitambo akiuona kama kelele akaufuta, shamisen inageuka banjo mbovu. Anayejua ilimba, ala ya vidole ya Wagogo yenye mvumo kama huo, hahitaji kufundishwa hili.

Ngoma ni fupi kueleza. Kasi iwe kati ya 130 na 160. Wimbo wa Senbonzakura wa mwaka 2011, ulioimbwa kwa sauti ya kompyuta ya Hatsune Miku na baadaye kurudiwa na bendi ya Wagakki Band kwa ala za asili, uko kwenye 154. Taiko kubwa (ngoma ya Kijapani) na kiki (ngoma ya mguu) zote hukaa chini, zikigongana mnasikia tope. Iacheni kiki ishike kila pigo, taiko ije mwanzoni na mwishoni mwa mstari. Kabla ya kiitikio acheni pigo moja tupu, mtu apaaze “Yo!” ndani ya ukimya huo.

Kuhusu maneno, tafadhali msibuni sauti zinazofanana na Kijapani. Kiswahili kinafaa mno. Mistari ya jadi ya Kijapani huenda kwa mizani 7 na 5, na n yao inahesabiwa peke yake kama n ya kwetu katika “nchi”. Jaribuni: “Upepo wa Dodoma, wavuma tena.” Saba, halafu tano. Jambo la kuangalia ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo “do” ya pili ya Dodoma ipate noti ndefu au pigo zito. Ukiipa “ma” pigo hilo, msikilizaji anasikia jina la mji asioujua.

Na kwa wanaotaka kuoanisha haya na zeze, kuna mtego mmoja. Muziki wa Wagogo, ule ambao marehemu Hukwe Zawose aliupeleka duniani, haukutokana na kinanda. Unafuata noti za asili za uzi mmoja, yaani zile zinazojitokeza zenyewe ndani ya mlio wake, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini ya kibonyezo cha kinanda kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Mkirekodi zeze juu ya kinanda bila kurekebisha, vitagombana, na mtamlaumu mpiga zeze bure. Zeze likipangwa kwenye C, shusheni B bapa ya kinanda kwa senti 31 na E kwa senti 14. Na programu ya kunyoosha sauti izimwe kabisa kwenye wimbo huo.

Wapiga vyombo na watayarishaji wa muziki,
Dodoma