Bomba kufaulu jaribio la maji si mwisho wa ukaguzi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mabomba yaliyochakaa imenifurahisha, isipokuwa pale mwandishi aliposema kwamba bomba lenye dosari likijazwa maji, likapandishwa hadi mara moja na nusu ya presha yake ya kazi na lisipasuke, basi wasiwasi umekwisha. Haujaisha.

Jaribio hilo linathibitisha tu kwamba siku ile hapakuwa na dosari kubwa kiasi cha kulipasua. Silibezi. Bomba la gesi lililopasuka San Bruno, California, mwaka 2010 na kuua watu 8 lilikuwa na mshono mbovu wa kulehemu tangu lilipolazwa mwaka 1956, na wachunguzi walisema jaribio la maji wakati ule huenda lingeufichua. Lakini jaribio halikwambii ukuta umebaki na unene gani. Ufa uliokaribia kuachia hufaulu sawa na chuma kipya, na pengine presha hiyohiyo ya jaribio ndiyo imeurefusha.

Ndiyo maana sisi wakaguzi tunataka vipimo vya dosari yenyewe. Kina kila mtu hukiuliza. Urefu na mwelekeo husahaulika. Presha huuvuta ukuta wa bomba kwa kuuzunguka mara mbili ya inavyouvuta kwa urefu, kwa hiyo mfereji wa kutu unaofuata urefu wa bomba ni hatari kuliko wa kina hichohicho unaolizunguka. Kwenye ukuta wa milimita 10, kishimo cha milimita 4 chenye upana wa kidole hubebwa na chuma kizima kilicho kandokando yake. Mfereji wa kina hicho wenye urefu wa nusu mita hauna wa kuubeba katikati. Kanuni ya B31G ya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, inayotumika kupima mabomba yenye kutu, imejengwa juu ya hoja hiyo, na dosari iliyokula zaidi ya asilimia 80 ya ukuta haiikubali. Nyufa haizigusi kabisa. Hizo zina hesabu zake.

Halafu kuna kasi ya kutu. Ukuta wa milimita 7 unaohitaji angalau 5, ukiliwa nusu milimita kwa mwaka, una miaka 4. Mkaguzi makini hurudi baada ya miaka 2, kwa sababu kutu haifuati kalenda yetu. Huko Mihama, Japani, mwaka 2004 bomba la maji ya moto la mtambo wa nyuklia lilipasuka na kuua wafanyakazi 5. Ukuta wake wa milimita 10 ulikuwa umebaki chini ya 2. Mtambo ulianza kazi mwaka 1976, na sehemu ile haikuwahi kupimwa hata mara moja: ilisahaulika kwenye orodha ya ukaguzi.

Basi mwandishi wenu akionyeshwa tena cheti cha jaribio la maji, aombe pia vipimo viwili vya unene vya mahali palepale, vyenye tarehe tofauti.

Mkaguzi wa mabomba