Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: tuhesabuni tukiwa nyumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Namaskar. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba njia ya kwenda ofisini kwako imekauka.

Mimi ni mkulima na mkata miwa wa kijiji kimoja cha wilaya yako, huku Marathwada, jimbo la Maharashtra, India. Jina la kijiji limo katika maombi manne ya barabara na daraja tuliyokwisha kuleta. Yote yaligongwa mihuri, tena mizuri.

Alhamisi iliyopita mkamwana wangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Mvua ilikuwa ya siku ya tatu, korongo limefurika. Gari la wagonjwa liliwahi, likasimama ng'ambo na kutumulikia taa. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, tukambeba wanaume sita, maji yakatufika kifuani. Mimi nilishika upande wa kichwani. Kila nilipoteleza alinikamata kifundo cha mkono bila kusema neno. Alijifungulia matopeni, hatua chache kabla ya gari, mke wangu akiwa amemzungushia sari. Mtoto wa kike, mzima. Namshukuru Mungu, siishukuru idara yoyote.

Katika majedwali ya sensa ya 2011, kijiji kisichofikiwa na basi huandikiwa herufi: a ni chini ya kilomita 5, b ni 5 hadi 10, c ni zaidi ya hapo. Sisi tuna a. Kumbe tuko karibu! Tangu 2022 wazee wa Maharashtra waliotimiza miaka 75 hupanda basi la serikali bure, na tangu Machi 2023 wanawake hulipa nusu nauli. Mama yangu ana miaka 81. Neema hiyo anaisikia redioni.

Tunaambiwa tatizo ni idadi yetu. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, ulioanza Desemba 2000, ulitaka makazi ya nchi tambarare yawe na watu 500 au zaidi kwa sensa ya 2001 ndipo yapate barabara. Tulipungukiwa kidogo. Awamu ya nne, iliyopitishwa Septemba 2024, inatumia sensa ya 2011. Tumepungukiwa tena.

Naomba nikuulize, mheshimiwa: sensa zote mbili, makarani walipita lini? Tarehe 9 hadi 28 Februari. Na Februari sisi tunakuwa wapi? Hata watoto wa wilaya hii wanajua. Diwali ikipita, nusu ya kijiji inapanda matrekta kwenda kukata miwa magharibi ya jimbo, na haturudi mpaka machipukizi ya mwarobaini yametoka. Mtu asiyekuwepo kwao siku zote hizo huhesabiwa pale karani anapomkuta. Nadhani tulihesabiwa kwenye vibanda vyetu kando ya mashamba ya watu, kama kuna karani aliyefika. Mimi sikumwona. Nyapara naye hutuhesabu kivyake: mume na mke ni koyta moja, yaani panga moja. Kwake mimi na mke wangu ni mtu mmoja. Kwako hatupo.

Na sensa ijayo imepangwa kuhesabu watu lini? Februari 2027. Februari tena!

Mwaka juzi ulisimama pale pale ng'ambo, korongo likiwa kavu, ukasema daraja utalisukuma wewe mwenyewe. Au alikuwa aliyekutangulia. Mnahamishwa haraka, tunawachanganya. Ahadi lakini ilikuwa ni ile ile.

Basi leo sikuombi lami. Basi la abiria nalo naliacha, daraja pia naliacha, ingawa hata la miguu tungeshukuru. Naomba karani mmoja na daftari lake, aje tukiwa nyumbani: Julai, Agosti, hata Septemba. Kama sheria haikuruhusu kuhamisha tarehe, waandikie wakubwa zako waambie mashamba ya miwa yamejaa watu wako. Lakini tuhesabuni tukiwa nyumbani. Karani tutamvusha, kitanda kipo. Akifika aanze na mtoto wa Alhamisi. Jina hana bado, tunampa siku ya kumi na mbili.

Wako mtiifu,
Mkata miwa