Nta ya mshumaa haifai kwenye begi la nailoni

Ndugu Mhariri,

Masika yakikaribia, waendao kazini kwa baiskeli huanza kuhangaikia mizigo yao. Zamani mfuko mmoja wa plastiki, yaani rambo, ulimaliza kazi. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, wapo waliogeukia mshumaa: wanausugua kwenye begi lolote walilonalo, kisha mvua ya kwanza inalowesha daftari na simu. Kosa halimo kwenye nta, limo kwenye uchaguzi wa kitambaa. Nta hufaa pale tu nyuzi zinapoinywa, yaani kwenye pamba na turubai la pamba. Nailoni hainywi nta. Itakaa juu juu, itapasuka begi likikunjwa, na kudondoka vipande vipande.

Kwa begi la turubai, changanya nta ya nyuki sehemu mbili na mshumaa mweupe sehemu moja. Gramu 150 hivi zinatosha begi la mgongoni. Mshumaa peke yake huwa mgumu na kuvunjika kwenye mikunjo, nta ya nyuki ndiyo huupa ulaini. Yeyushia ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si kopo juu ya jiko. Nta ikishika moto funika kwa mfuniko, usimwagie maji, kwa kuwa yatautawanya. Na nasihi sana: usiizimue kwa petroli wala mafuta ya taa.

Begi liwe safi na kavu kabisa. Paka kwa brashi nta ikiwa ya moto. Itaganda kama ukoko mweupe, na wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Bado. Weka karatasi ya kaki juu yake, upitishe pasi ya moto mdogo mpaka weupe upotee na rangi ya turubai ikolee. Gazeti halifai, wino wake huhamia kwenye kitambaa. Mishono ipakwe mara mbili, ndani na nje, maana maji hupenya kwanza kwenye matundu ya sindano. Liache siku nzima kabla ya kulitumia. Baadaye lifutwe tu kwa kitambaa na maji baridi.

Koti la pamba lisipakwe nta. Anayekanyaga baiskeli hutoka jasho, na koti lisilopitisha hewa litamlowesha kutoka ndani. Hapa tumia shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji, na sabuni ya mche. Kwangua gramu 225 za sabuni, uyeyushe katika lita 4 za maji ya moto. Katika ndoo nyingine yeyusha gramu 115 za shabu kwa lita 4 za maji ya moto. Loweka koti kwenye sabuni mpaka ienee, kamua bila kusuuza, lizamishe kwenye shabu kwa saa 2, kisha anika. Vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya nyuzi hufanya utando usioyeyuka kwenye maji, huku hewa ikipita. Sabuni ya unga haifanyi hivyo. Kinga hii ni ya manyunyu na mvua ya wastani. Mvua kubwa ya muda mrefu itapenya. Ukifua koti, rudia.

Begi la nailoni ambalo utando wake wa ndani umeanza kubanduka halisaidiwi na nta. Tia ndani yake nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, iliyooshwa vizuri mara kadhaa, mdomo ukunje mara tatu na kuufunga kwa ukanda wa tyubu.

Tena, begi la kwenye keria hulowa sana kutoka chini, kwa maji yanayorushwa na gurudumu la nyuma. Kama baiskeli haina madigadi, anza na hilo kabla ya kununua nta.

Mwendesha baiskeli,
Dar es Salaam