Fundi, osha kwanza ndo uongee habari ya gesi

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu wa AC hapa Tanga, na zaidi na wateja wanaotuita, maana kaskazi ikishika, joto la Januari na Februari mnalijua wenyewe, simu ni hiyo hiyo moja, fundi AC yangu imeganda barafu njoo na gesi. Yani mteja kashapima ugonjwa kashaandika na dawa. Na fundi naye anabeba mtungi, anaongeza, anachukua hela yake anaondoka, haupiti muda barafu imerudi palepale na lawama juu.

Jamani gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ile ya jikoni. Inazunguka kwenye mabomba inarudi kwenye kompresa inazunguka tena, miaka na miaka. Ikipungua basi kuna mahali inavuja, au aliyeifunga hakuijaza sawasawa toka mwanzo.

Na mara nyingi hata haijapungua, ni upepo tu haupiti kwenye koili ya ndani, yale mabomba yaliyojikunja yanayopoza hewa. Koili nzima inatakiwa iwe baridi lakini juu ya sifuri, ndo maana unyevu wa hewa yetu hii ya pwani ukigusa pale unageuka maji na kutoka kwenye kile kibomba cha nje. Sasa filta ikijaa vumbi, au ile feni ndefu ya ndani ikishika uchafu kwenye mapanga, hewa ya joto haifiki, koili inashuka chini ya sifuri, maji yanaganda badala ya kudondoka, na barafu yenyewe inazidi kuziba upepo, ikilala imewashwa asubuhi unakuta jiwe. Na remoti iko 16! Weka 24 utalala vizuri tu na luku itakushukuru.

Hapa sasa ndo nawaomba mafundi wanisikilize. Ukifunga geji wakati koili imeganda presha itasoma chini hata kama gesi imejaa, maana hakuna joto la kuichemsha. Kijana anaona mshale uko chini anaongeza, barafu ikiyeyuka gesi imezidi, inarudi kwenye kompresa ikiwa bado ya maji maji na kompresa haijatengenezwa kukandamiza maji, inakufa. Wengine hata aina ya gesi hawasomi, R22 presha ya upande wa chini inacheza kama psi 65 hadi 70 hivi, R410A inapita 110, ukizichanganya hizo hesabu umeshaua mashine ya mtu.

Kwahiyo kwanza zima ubaridi, acha feni peke yake mpaka barafu iyeyuke yote, na usichokonoe kwa kisu, nimeshaitwa nyumba ambayo haikuwa na shida ya gesi mpaka kisu kilipotoboa koili. Halafu osha filta, osha koili na feni, washa. Ikikaa sawa lipia usafi basi, gesi ya nini.

Ikiganda tena ukiwa umeosha, angalia mabomba mawili pale kwenye mashine ya nje. Kwa hizi split zetu za kawaida ule mwembamba ukiganda wakati mnene hauna hata jasho, hapo kweli gesi imepungua. Na kwa nyumba za kuelekea baharini, Raskazone kule, chumvi inakula koili ya nje na nati za maungio, anzeni kutafuta hapo. Povu la sabuni linatosha kuonyesha liki nyingi, nyingine mpaka upige nitrojeni kwa presha ndani ya mabomba. Ukishaziba vuta vakyumu, yani nyonya hewa yote kwa pampu, kabla ya kujaza, sio kupuliza gesi kidogo ukasema hewa imetoka, na kama ni R22 hiyo unayopuliza ndo inayokula ozoni.

Wateja na nyie mnachangia, fundi akisema kutafuta liki ni kazi ya nusu siku mnamwona tapeli, mnamtafuta wa bei ya chini anayemaliza dakika kumi. Kiasi cha gesi kimeandikwa kwenye lebo ya mashine ya nje, kwa gramu au kilo, na kinapimwa kwa mzani. Akikwambia nimekujazia gesi muulize gramu ngapi, na mzani wake uko wapi.

Fundi friji na AC,
Ngamiani, Tanga