Makanga naye asikizwe

Mhariri,

Nimeshika mlango wa matatu kati ya mjini na Embakasi kwa miaka 11. Ijumaa iliyopita, saa kumi na mbili jioni, tulizimikiwa na gari pale Donholm likiwa limejaa abiria. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Aibu tupu! Tangu City Stadium niliona sindano imelala. Nikamwambia dereva, "Mzee, hapo mbele kuna kituo cha mafuta." Akasema kuna foleni, tutajaza tukirudi. (Siku hizi tunaweka ya mia tano mia tano hadi hesabu ya mwenye gari itimie.) Nikanyamaza, nikaendelea kukusanya nauli. Kibarua changu kimo mikononi mwake.

Tukisukuma gari, abiria mmoja mzee, fundi wa ndege mstaafu, akanisimulia kisa ambacho nimekitafuta nikakisoma mwenyewe. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya shirika la United aina ya DC-8 yenye watu 189 ilikuwa ikijiandaa kutua Portland, Marekani. Magurudumu yaliposhuka kulisikika kishindo, na taa moja haikuwaka. Rubani akazunguka hewani karibu saa nzima akihangaikia magurudumu hayo. Mhandisi wa ndege, ambaye geji ndiyo kazi yake, alimdokezea kwamba mafuta yanapungua. Alidokeza tu, kama mimi na kituo changu cha mafuta. Injini zikazimika, ndege ikaangukia mtaa wa watu kabla ya kufika uwanjani. Watu 10 walikufa, mhandisi huyo akiwa mmoja wao. Haikulipuka moto, mafuta ya kuwaka yangetoka wapi?

Mwaka 1981 shirika hilo likaanza kuwafunza marubani kuwasikiliza walio chini yao, na walio chini kusema wazi mpaka waeleweke.

Sacco yetu hutuita kwa mambo ya sare na beji. Sijaona siku dereva na makanga wameketishwa pamoja, dereva akaambiwa kwamba makanga akisema "simamisha", asichukulie ni utovu wa heshima. Naomba wakubwa wa sacco walifikirie hilo.

Jumamosi asubuhi sikudokeza. Nilisema, "Mzee, sindano iko kwenye nyekundu, hatupiti Donholm bila kujaza." Alinikazia macho kupitia kioo, kisha akakata kona, akaingia kituoni. Hakunisemesha tena hadi mjini.

Makanga,
Embakasi, Nairobi