Barua kwa nyie mnaolea Kigoma: waacheni wapande mwembe

Asalaam aleikum wanangu, na wale wa Bwana asifiwe nawasalimu pia.

Mie bibi yenu wa Ujiji, nimelea watano wa tumboni na wajukuu siwahesabu, naandika kwa simu ya mjukuu ivo mtanisamehe nikiandika kama naongea. Nawasema nyie mabinti na wakwe zangu mliojenga huko Mwanga, Gungu mpaka Bangwe, nyumba nzuri mashaallah, uzio na geti, na mtoto wa miaka saba anashinda ndani na katuni, akishika tu tawi mnapiga kelele shuka weee utavunjika! Juzi nimepita nyumba moja mapera yanaoza chini ya mti, na nyumba hiyo ina watoto wanne. Roho iliniuma.

Woga wenu naujua. Mtoto wangu wa pili alidondoka kwenye mwembe akavunjika mkono, nikapiga marufuku nyumba nzima, miaka kama mitatu hakuna aliyepanda hata kichuguu. Sasa angalieni, mkono uliunga na huyo huyo leo anapanda michikichi anakata mikungu analisha familia. Ila kitinda mimba wangu, wakati ule ana miaka minne, alikua hivyo hivyo na marufuku yangu, hata mtaro mdogo anasimama anasubiri ashikwe mkono, mpaka leo mtu mzima jambo likiwa gumu kidogo anarudi nyuma. Yule nilimvunja mie kwa mdomo wangu na hakuna hospitali nitampeleka.

Sisemi waacheni tu. Kuna hatari mtoto anaiona na kuna hatari haioni, hapo ndo pa kushika. Mtini akiangalia chini tumbo linamwambia yatosha, anashuka mwenyewe. Ziwa halimwambii kitu. Ukisimama Kibirizi maji yametulia kama sahani, kumbe Tanganyika hii kina chake kinafika kama mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, na kuna sehemu za ufukwe wetu hatua chache tu hukanyagi tena chini. Bado mamba, bado kichocho pale kwenye majani na maji yaliyosimama ambapo konokono wanakaa. Mtoto atayapimaje hayo? Kwa hiyo ziwani haendi bila mtu mzima, na mtu mzima awe ndani ya maji pamoja nae, siyo yupo mchangani anachati, na kuogelea afundishwe mapema maana sie ni watu wa ziwa. Reli, bodaboda, sufuria la mawese linalochemka, hapo pia kuweni wakali, sitawalaumu.

Mjukuu alinisomea habari za mama mmoja mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, mwaka 2007 aliipanga michezo ya hatari ya watoto mafungu sita: kupanda juu, mwendo kasi, vitu vyenye makali, kuwa karibu na maji marefu au moto, mieleka, na kupotelea mbali na macho ya wakubwa. Nikamwambia mbona hiyo ni kombolela, manati na kisu cha kumenyea muwa! Na madaktari wa watoto wa Kanada mwaka 2024 walitoa tamko la kuunga mkono michezo hiyo, nao wakatenganisha hatari mtoto anayoweza kuipima na ile inayomzidi akili.

Sasa mtini mnafanyaje. Usimpandishe mtoto kwenye tawi ambalo hajafika kwa nguvu zake, kama hawezi kulifikia basi hajawa wa tawi hilo, na ukimbeba ukamweka juu hajui kushuka. Mwembe na mpera ndo miti ya kujifunzia, mpera hasa maana tawi lake linapinda kabla ya kukatika. Mparachichi unakatika ghafla, mpapai haupandwi kabisa. Mvua ikitoka kunyesha gome linateleza, subirini likauke. Mfundishe akihamisha mkono mmoja, mkono mwingine na miguu viwe vimeshika, na tawi kavu asilikanyage. Alafu wewe nyamaza! Mtoto akiwa juu ukimpigia kelele anageuka kukuangalia wewe, anaacha kuangalia mguu wake, wengi wanaanguka hapo. Sogea karibu umuulize taratibu, mguu wako unauweka wapi sasa? Atafikiri, atauweka.

Hata sokwe wetu wa Gombe, wale Jane Goodall aliokuja kuwasoma mwaka 1960, mama yuko karibu anakula zake na mtoto anabembea matawini, anateleza anajishika tena, mama hamkimbilii kila mara. Akilia kweli ndo anamfuata.

Maembe yameanza kuiva nyuma ya nyumba yangu na mti una matawi ya chini kabisa, hata wa miaka mitano anafika. Jumamosi baada ya alasiri nileteeni watoto, wavae nguo za zamani, siyo zile za Idi, bila viatu. Nitatandika mkeka pembeni, nyie mama zao mkae na mie hapo, na atakayepiga kelele nitamtuma akachote maji.