Barua kwa mwanangu: ile karma uliyoniambia

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Juzi kwenye simu sikukujibu kwa sababu mama yako alikuwa ameketi karibu, na jambo lenyewe nilitaka nikae nalo kwanza. Ulisema, "Baba, labda hii kazi ya afisa mikopo ndiyo karma yangu." Halafu ukakata simu, nami nikajua unalia.

Kile kitabu cha mafundisho ya Buddha ulichokisahau hapa Pasaka nimekisoma chote, kurasa nyingine mara mbili. Sisi ni watu wa kanisani na huko tutabaki. Ila neno hilo umelishika vibaya, mama, na limekufunga. Karma maana yake ni tendo. Haikuandikwa kwenye paji la uso wa mtu. Buddha alisema nia ndiyo anayoiita karma: mtu hukusudia, kisha hutenda kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo. Na kule India ya zamani, ambako kuzaliwa kulimpangia mtu heshima yake, alifundisha kwamba mkulima ni mkulima kwa kulima, na mwizi ni mwizi kwa kuiba. Hakuna aliyezaliwa afisa mikopo.

Nikueleze jambo ambalo hata mama yako nilimwambia baada ya miaka mingi. Kabla hujazaliwa nilifanya kazi ya kupima alizeti kwa mnunuzi mmoja upande wa Kongwa. Mizani ilikuwa imechezewa. Kila gunia lilipungua kilo mbili, tatu, na mimi nilijua. Kijana aliyekuwa akinibebea magunia hakujua. Tulishika gunia lilelile, tukalipwa na mtu yuleyule, lakini usiku yeye alilala na mimi nikawa nahesabu wazee niliowapunja. Niliendelea misimu mitatu. Nilijiambia ndiyo riziki niliyopangiwa, kama unavyojiambia wewe sasa.

Kwenye kitabu chako kuna mfano wa chumvi ambao umenishika kuliko vyote. Tia bonge la chumvi kwenye kikombe cha maji, hayanyweki. Litupe bonge lilelile kwenye mto Ganges, hutalionja. Chumvi haikupotea. Kilichobadilika ni ukubwa wa maji. Nimeusoma mfano huo nikiwa shambani Hombolo, nikakaa chini ya mti nikalia, mtu mzima. Zile kilo siwezi kuzirudisha, wengi wa wazee wale wameshakufa. Miaka iliyobaki ndiyo nimekuwa nikiongeza maji.

Kwa hiyo hizo sofa na televisheni ulizosimamia zikitolewa kwenye nyumba za watu walioshindwa marejesho, usiziite hatima. Uliponiambia wanawake wa vikundi wanaiita kampuni yenu kausha damu, nilisikia aibu sauti yako ikishuka. Buddha alitaja biashara tano za kuepuka: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. (Hilo la nyama ni gumu kwetu Wagogo wenye ng'ombe, na sisemi nimelikubali.) Mikopo haimo kwenye orodha. Afisa mikopo anayemweleza mama muuza mboga riba yote kabla hajatia dole gumba anafanya tendo jema. Wewe umeambiwa uifiche, na umeificha. Hapo ndipo penye nia, na hapo ndipo pa kuondoka.

Jambo moja lilinikasirisha, nalisema wazi. Ulisema wanaoshindwa marejesho labda nao wanalipia matendo yao. Mwanangu, usirudie. Buddha aliulizwa hilohilo, kama kila maumivu hutoka kwenye matendo ya zamani, akakataa. Akataja nyongo, upepo wa mwilini, mabadiliko ya majira, hata kujeruhiwa. Mvua ikikata Februari mtama ukiwa bado mchanga, mama wa Bahi amemkosea nani? Hata Waingereza walioleta matrekta yao Kongwa mwaka 1947 kulima karanga walishindwa na ukame na udongo uliokauka ukawa kama saruji, na walikuwa na fedha za serikali nzima.

Kuhusu uuguzi unaotaka kwenda kuusomea, nenda. Una miaka thelathini na moja, si uzee. Lakini usidhani sare nyeupe itakusafisha. Nimewahi kumsikia muuguzi akimtukana mzazi aliye kwenye uchungu. Nia utaibeba mpaka wodini, itakubidi uiangalie kila asubuhi kama ninavyokagua mizabibu.

Na usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira ya Jumatatu. Buddha alimshauri kijana mmoja aitwaye Sigala agawe kipato chake mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kuendeshea kazi, la nne liwekwe kwa siku mbaya. Weka hilo la nne kwanza, miezi michache tu. Wakati unasubiri, kila mteja umwambie riba yote, hata msimamizi akikuchukia. Wakikufukuza kwa hilo, chumba chako kipo, na ada ya muhula wa kwanza nitaitoa kwenye zabibu za mavuno yajayo.

Ijumaa ukipanda treni nipigie ikishafika Morogoro. Nitakuja kukupokea stesheni mwenyewe. Mama yako ameshakuandalia mlenda.

Baba yako